Shajara ya bei: miezi minane ya kuuza ujuzi wa usindikaji, Morogoro

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo natimiza miezi saba tangu niache kazi ya kukagua ubora kiwandani. Nasaidia wasindikaji wadogo wa vyakula: siagi ya karanga, unga lishe, achari, pilipili ya chupa, asali. Wateja ninao, simu haipumziki. Lakini kodi ya nyumba ya Januari nimeilipa kwa akiba, na hii ni mara ya tatu. Kwa hiyo kuanzia leo nina mradi mmoja wa pembeni: kujua ujuzi wangu uuzwe bei gani, kwa nani, na kwa maneno gani. Nitaandika hapa pamoja na hesabu zangu zote, ili anayejitegemea kama mimi, awe mhasibu, fundi wa sola au mpima ardhi, alinganishe na zake.

Bei yangu ya sasa ni shilingi 80,000 kwa siku. Kiwandani nilikuwa nalipwa 1,100,000 kwa mwezi. Niligawanya kwa siku 22, nikapata 50,000, nikaongeza 30,000 juu, nikaridhika. Mwezi huu sibadilishi kitu. Nitaandika tu kila siku imekwenda wapi.

Ijumaa, 28 Februari

Nimefanya kazi siku 22, Jumamosi mbili zikiwemo. Zilizolipwa ni 9. Siku 5 zimeishia barabarani: Kilosa, Gairo, Ifakara na Dar es Salaam. Siku 4 nimeandika profoma, yaani karatasi za bei kabla ya kazi, na kufuatilia madeni. Nyingine 4, nikijumlisha saa zake, zimeliwa na ushauri wa simu na WhatsApp ambao hakuna aliyeulipia, na wala mimi sikuwahi kusema unalipiwa.

9 mara 80,000 ni 720,000. Mahitaji yangu: nyumbani 1,200,000, gharama za kazi yenyewe (nauli, bando, glavu, maji ya kusawazishia kipima pH yaani kipima asidi, kuchapa ripoti) 350,000, akiba ya kuumwa, ya likizo na ya kifaa kitakachoharibika 250,000. Jumla 1,800,000, na kodi ya mapato bado haijaguswa. Gawa kwa siku 9: 200,000 kwa siku.

Nimeikodolea macho hesabu hii muda mrefu. Mwajiri alikuwa akinilipa siku zote 22, hata ile niliyoshinda nikisubiri gari la malighafi, tena akiweka mchango wake NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na kununua vifaa. Nilipochukua mshahara na kuugawanya kwa siku, hayo yote niliyaacha getini kwake.

Basi wiki hii nimetamka "laki mbili kwa siku" mbele ya wateja watatu. Hakuna aliyekasirika. Wote watatu wameuliza jambo lilelile: "Siku ngapi?" Mmoja akasema njoo siku moja tu, nyingine tutapigiana simu. Hapo nimeona kasoro iliyo nyuma ya bei. Ninapouza siku, ninamfundisha mteja kupigania siku zangu, na nikizidi kuwa mwepesi wa kazi nazidi kupata kidogo. Miaka tisa ya kiwandani imenifanya nione kwa dakika kumi kile nilichokuwa nakitafuta wiki nzima. Kwa bei ya siku, ujuzi huo ni hasara kwangu.

Jumanne, 11 Machi

Kihonda, hapa hapa mjini Morogoro, kwa mama mmoja anayetengeneza pilipili ya chupa. Chupa zinavimba madukani, vifuniko vinafyatuka. Amekwisha ambiwa na watu wengi aoshe chupa vizuri zaidi, na ameziosha mpaka vidole vimechubuka.

Safari hii sikuanza na jiko. Niliomba tukae na daftari lake la mauzo.

"Mama, kwa mwezi unatoa chupa ngapi?"

"Mia sita, mwanangu. Mwezi mzuri lakini."

"Zinazorudi?"

Hakuwa ameandika. Tulihesabu kwa kukumbuka duka moja moja, tukafika kama 90. Anauza 3,500 kwa bei ya jumla, na kila inayorudi anaibadilisha kwa mpya. Ni 315,000 kila mwezi, na hapo hatujagusa supamaketi ya Dodoma iliyoacha kuagiza tangu Januari. Alikaa kimya, kisha akasema hajawahi kuiona hasara hiyo kama fedha. Alikuwa anaiona kama chupa.

Kipima pH kilisoma 5.1 (namba ikishuka, asidi imezidi). Ndani kuna karoti, kitunguu, saumu na ndimu kidogo, siki hakuna. Kinachofyatua vifuniko ni uchachu, lakini kilichonitia hofu ni kingine. Chakula kama hiki kilichofungwa bila hewa kinatakiwa kiwe na pH ya 4.6 au chini, kwa sababu juu ya hapo bakteria wa Clostridium botulinum anaweza kukua. Spora zake, yaani mbegu zake ngumu, hazifi kwa kuchemsha jikoni, na sumu yake hupooza misuli hadi ya kupumulia. Nilimwambia palepale asimamishe mauzo na arudishe zilizoko madukani. Tulipiga simu pamoja, duka kwa duka, mpaka magharibi.

Saa hizo sikuzilipisha. Nimejiwekea mpaka na nauandika ili nisije nikausahau shida zikinibana: onyo la hatari kwa mlaji haliuzwi. Ninachouza ni kazi ya kuitoa hatari hiyo na kuhakikisha hairudi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwandikia profoma ya kwanza isiyo na neno "siku". Imeanza na namba zake: chupa 90, shilingi 315,000 kwa mwezi, 3,780,000 kwa mwaka. Halafu nitakachokabidhi: mapishi mapya yenye kipimo cha siki, pH isiyozidi 4.2, utaratibu wa kujaza ikiwa ya moto, nyuzi 85 na kuendelea, na kuilaza chupa ili kifuniko nacho kipate joto, daftari la bechi (kila mkupuo wa upishi), lebo iliyosahihishwa, mafunzo kwa vijana wake wawili, na mimi kurudi kupima kila wiki kwa wiki nne. Bei 900,000, chini kidogo ya robo ya hasara ya mwaka. Nusu tunaanzia, robo bechi ya kwanza ikipita vipimo, robo wiki ya nne.

Mumewe akanipigia simu kutoka safarini. "Dada, kazi yenyewe ya siku ngapi?" Sikumficha, nikamwambia kama nne. "Laki tisa kwa siku nne?"

Moyo ulinidunda, kwa sababu miezi miwili iliyopita ningeshuka papo hapo. Nilimjibu kwamba chupa zinazorudi kwa miezi mitatu tu ni 945,000, na kwamba kama kazi ingenichukua siku ishirini, zingeendelea kurudi siku zote hizo. Akanyamaza kidogo, akauliza bei ya mwisho.

Kwetu kupatana bei ni sehemu ya kuheshimiana. Anayesema "hiyo ndiyo bei, basi" anaonekana amemfungia mwenzake mlango, na mimi sitaki kuwa hivyo. Lakini nikishusha fedha huku kazi ikibaki ileile, nakuwa nimekiri kwamba nilimpandishia. Kwa hiyo nilimwambia: "Shemeji, tunaweza kushuka. Tuondoe mafunzo ya vijana na zile wiki nne za kupima, inakuwa 650,000." Nilisikia mama akisema kwa mbali kwamba vijana ndio wanaopika, wakiachwa bila kufundishwa mambo yatarudi palepale. Wakaniambia niiache kama ilivyo. Jioni 450,000 ikaingia kwenye simu.

Alhamisi, 10 Aprili

Idd imepita, masika yameshika. Pilipili ya Kihonda: bechi ya 22 Machi imesoma 3.8, na mpaka leo hakuna chupa iliyorudi. Malipo ya pili yameingia bila kukumbushana.

Kosa la mwezi huu ni kubwa, na nalieleza kwa urefu kwa sababu limetoka kwenye dawa niliyoisifia hapo juu. Nilipata kazi ya unga lishe, nikatoza 700,000 kwa kazi nzima. Kwenye profoma niliandika "hadi uzalishaji utakapokaa sawa". Uzalishaji haujui lini umekaa sawa. Tatizo lilikuwa sumukuvu, sumu inayotoka kwenye ukungu wa nafaka, na haikuwa ya mashineni. Mahindi na karanga zilifika nazo tayari. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla ya sumukuvu, na 5 kwa aina ya B1. Majibu ya maabara yalikuwa juu ya hapo. Kukaanga hakuitoi yote, kusaga hakuitoi kabisa. Ikabidi twende kwa wauzaji, tupime unyevu wa magunia, tuchambue karanga zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, tubadilishe stoo magunia yakae juu ya vichanja mbali na ukuta, turudi tena maabara. Na mvua inanyesha.

Siku 14. Gawanya 700,000 kwa 14 uone: 50,000, mshahara wangu uleule wa kiwandani, na nauli juu yangu. Kipimo cha pili cha maabara nacho nilikilipia mimi kwa kuona aibu kurudi kuomba.

Kuiacha sikuweza. Uji ule wanakunywa watoto wa mwaka mmoja na nusu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na baadhi yetu tuliosoma fani hii tunaikumbuka kila tunapofungua gunia. Lakini kulijali jambo hakunizuii kuandika mkataba vizuri. Tangu leo, kazi yoyote ambayo chanzo chake sijakiona inakwenda kwa hatua mbili. Ya kwanza ni kutafuta chanzo: 250,000, ziara moja, vipimo vyangu, ripoti ya kurasa mbili ambayo mteja anaweza kumpelekea mtaalamu mwingine akitaka. Ya pili, kurekebisha, napanga bei yake baada ya ripoti, nikiandika idadi ya ziara na nini hakimo. Maabara analipa mteja mwenyewe, moja kwa moja kwa maabara.

Jumamosi, 17 Mei

Sasa soko. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiweka picha na nasaha WhatsApp kila asubuhi. Nimepitia daftari la wateja kuona kila mmoja alinipataje. Kati ya 14 waliolipa tangu nianze, mmoja tu katoka huko. Tisa wameletwa na mtu. Na kati ya hao tisa, wanne wameletwa na mtu mmoja: kaka anayeuza vifungashio karibu na soko kuu.

Ningepaswa kulijua hili mapema. Muuza chupa na makopo anajua nani ameanza kusindika kabla ya ofisi yoyote kujua. Anajua nani ameongeza oda, na nani amerudi kununua vifuniko vipya kwa sababu vya mwanzo vimefyatuka. Mchapaji wa lebo naye vivyo hivyo: analaumiwa na wateja pale lebo inapokataliwa baada ya kuchapwa elfu nzima.

Kwa hiyo nimeandika karatasi moja, upande mmoja, ya vitu visivyokosekana kwenye lebo ya chakula: jina la bidhaa, viambato kuanzia kilicho kingi, uzito halisi, jina na anwani ya mzalishaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya bechi, jinsi ya kuhifadhi, na kinachoweza kumdhuru mwenye mzio, kama karanga. Chini kabisa jina langu na namba. Nimempa mchapaji na muuza vifungashio nakala hamsini hamsini. Kaka wa vifungashio aliniuliza kamisheni yake itakuwaje. Nilimweleza kwamba nikimlipa, siku nitakapomwambia mteja chupa zake hazifai nitakuwa nimeshikwa mkono, na yeye pia hataaminika. Alielewa. Anachopata ni wateja wasiorudisha chupa.

Rafiki yangu wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, alinionya kwamba nikigawa karatasi kama hii bure nitajinyima kazi. Naona kinyume. Orodha hiyo mtu akiitafuta ataipata. Asichokipata kwenye karatasi ni jicho la kuona kwamba tarehe ya mwisho ya miezi kumi na miwili ameikisia tu, hajaipima.

Kuna wale wasioweza kulipa hata 250,000, nao ndio wengi, na ndio waliokuwa wakizila zile siku zangu 4 kwa simu. Leo nimefanya darasa la kwanza: watu 9, shilingi 30,000 kila mmoja, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Kila mmoja kaja na bidhaa yake, tumepima pH mbele ya wote. Mchana tumezungumzia njia ya alama ya ubora, kwamba mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa barua ya utambulisho kabla ya kwenda TBS, Shirika la Viwango, na kwamba tangu 2019 mambo ya chakula yaliyokuwa TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, yamehamia TBS, maana wawili walikuwa bado wanaulizia TFDA.

Swali lililonigusa lilitoka kwa dada wa achari. Aliniita pembeni akauliza, kwa sauti ya chini, kama "nina mtu" ndani wa kumsaidia kupitishiwa. Sina, na sitatafuta. Nimeshaulizwa hivyo mara nyingi kiasi kwamba sasa nakiandika juu kabisa ya kila profoma: siuzi alama ya ubora, anayeitoa ni TBS baada ya kukagua na kupima, mimi namwandaa mteja ili siku ya ukaguzi asiwe na cha kuficha. Nilidhani sentensi hiyo itanifukuzia wateja. Dada yule yule amelipia hatua ya kwanza kabla hajaondoka.

Jumatano, 25 Juni

Kampuni moja imenilipa ankara ya Machi leo, siku 94 baadaye. Ankara ilikuwa 1,600,000. Wamekata 80,000 ya kodi ya zuio, asilimia 5, ikaingia 1,520,000. Nimedai hati ya zuio, maana bila hiyo siwezi kuonyesha kwamba kodi hiyo imekwisha lipwa kwa jina langu. Kucheleweshwa ndiko kulikoniumiza zaidi. Mama wa Kihonda, anayehesabu chupa moja moja, alilipa kwa wakati. Kuanzia sasa kampuni nazo zinatoa nusu kabla sijapanda gari.

Jumapili, 10 Agosti

Nimerudi kutoka maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, uwanja wa Mwalimu Nyerere hapa hapa Morogoro. Banda sikuchukua. Nimetembea siku nne nikisoma lebo za wenye mabanda, nikinunua bidhaa moja moja, nikiuliza walikotoa malighafi. Pale nilipoona kasoro nzito nilimwita mwenye banda kando, wateja wakiwa mbali, nikamwonyesha. Anayeaibishwa mbele ya wateja hakusikii hata kama umesema kweli.

Nimezungumza na watu 31, nimeandika kila mmoja na tatizo lake. Sita wamenipigia tayari. Watatu kati yao wameanza kwa kusema, "Wewe si ndiye uliyeniambia kuhusu tarehe?"

Mwingine, wa siagi ya karanga kutoka Dodoma, alitaka uangalizi wa kudumu kuliko kazi ya mara moja. Hilo limenisukuma kuweka bei ya mwezi: 150,000, ziara moja, kukagua daftari la bechi, na simu yake kujibiwa siku hiyohiyo. Ule ushauri wa simu uliokuwa ukinitoka bure sasa una mahali pake.

Jumanne, 30 Septemba

Daftari la mwezi. Wateja wa uangalizi 4, ni 600,000. Kazi moja ya kurekebisha, achari, 900,000. Darasa watu 11, 330,000, toa 50,000 ya ukumbi. Jumla 1,780,000. Pungufu ya lengo kwa 20,000. Siku zilizolipwa: 9, sawasawa na Februari, iliyonipa 720,000.

Siku za profoma zimepungua kutoka 4 hadi 2, kwa kuwa anayeletwa na mtu haombi profoma tatu za kulinganisha. Za barabarani bado ni 5. Hapo sijapata dawa, na wateja wa Ifakara nitawapanga wote waingie kwenye ziara yangu moja ya siku mbili.

Jioni nimefungua chupa ya bechi ya 22 Machi niliyoiweka kwenye rafu yangu tangu siku ile. Kifuniko kimelia "pa" kama kinavyotakiwa. Rangi imefifia kidogo kwa juu, harufu nzuri. Kipima kimesoma 3.8. Nimempigia mama, akauliza kama sasa anaweza kuandika miezi kumi na miwili kwenye lebo. Nimemwambia miezi sita tunayo mkononi, hiyo aandike. Nyingine tutaifungua Desemba.